Tela dogo likianza kuyumba: tatizo lilipakiwa kabla ya safari

Ukimuuliza dereva aliyewahi kuyumbishwa na tela ni nini kilitokea, atakutajia upepo, basi lililompita kwa kasi, au shimo. Hasemi uongo. Lakini upepo uleule uliyapiga matela mengine siku hiyo, na basi lilelile liliyapita, nayo yakatikisika kidogo yakatulia. Upepo hutoa mtikisiko wa kwanza tu. Kama mtikisiko huo utakufa au utakua mpaka gari zima litupwe nje ya lami, hilo huamuliwa na mambo mawili: mzigo ulivyopangwa na mwendo wa gari. La kwanza hukamilika uwanjani, kabla ufunguo haujaingia.

Nazungumzia tela dogo la ekseli moja, lisilo na breki zake, linalovutwa na pikapu, Noah au Prado: la kubebea jenereta na viti vya sherehe, tangi la maji, mbuzi, boti, saruji ya kwenda kwenye ujenzi. Semitrela za malori zina habari zake.

Kinachotokea kule nyuma

Tela limeshikwa mahali pamoja tu, pale kikombe cha mkono wake kinapokaa juu ya mpira wa chuma nyuma ya gari. Kuanzia hapo kwenda nyuma liko huru kugeuka kulia na kushoto, na lazima liwe huru, la sivyo gari lisingekata kona. Kitu kikiusukuma mkia wa tela upande mmoja, matairi yake huanza kukanyaga lami kwa mshazari, na raba hupinga. Upinzani huo huurudisha mkia katikati. Ukifika katikati tayari una kasi, hivyo hupitiliza hadi upande wa pili, na matairi hupinga tena. Kwenda na kurudi huchukua sekunde moja hadi mbili hivi. Tela lililopakiwa vizuri hufanya hivyo mara moja, ya pili huioni hata kwenye kioo.

Mwendo unaharibuje mambo? Wengi hudhani ni kwa sababu upepo unakuwa mkali zaidi. Sababu kubwa iko chini, kwenye matairi. Tairi hupinga kulingana na pembe ya mshazari wake. Chukua mkia unaokwenda pembeni kwa mita 1 kwa sekunde. Gari likiwa kwenye kilomita 60 kwa saa, karibu mita 17 kwa sekunde, tairi linakuwa na mshazari wa nyuzi 3.4. Kwenye kilomita 90 kwa saa, mkia uleule unaokwenda pembeni kwa kasi ileile huzaa mshazari wa nyuzi 2.3 tu. Pembe imepungua kwa theluthi moja, na nguvu ya kutuliza imepungua pamoja nayo. Yaani kadiri unavyokimbia, ndivyo matairi ya tela yanavyokuwa dhaifu katika kazi ya kuua mtikisiko.

Wakati huohuo kila mpindo wa tela huvuta nyuma ya gari pembeni. Gari hugeuka kidogo, na kugeuka huko huupa mkono wa tela msukumo mpya. Kuna mwendo ambapo msukumo mpya hulingana na kile kinachomezwa na matairi. Hapo tela hucheza bila kuzidi wala kupungua. Ongeza kilomita chache na kila mpindo unakuwa mkubwa kuliko uliotangulia. Huo ndio mwendo wa ukomo, na kila mchanganyiko wa gari, tela na mzigo una wake. Kazi nzima ya kuzuia kuyumba ni kuupandisha ukomo huo uwe juu kabisa ya mwendo utakaokwenda.

Ndiyo maana kulizungusha tela mtaani kwa kilomita 40 hakuthibitishi lolote. Linaweza kutulia kabisa kwenye 70 na kushindikana kwenye 95, na kati ya hapo lisikupe onyo la maana.

Kilo zinazokaa juu ya mpira

Kila mzigo una sehemu moja ambapo uzito wake wote ni kama umekusanyika: kitovu cha uzito. Tela linapoyumba, mzigo hutupa nguvu yake pembeni kutokea kwenye kitovu hicho, na matairi hupinga kutokea kwenye ekseli. Kitovu kikiwa mbele ya ekseli, upinzani wa matairi uko nyuma yake na huurudisha mkia kwenye mstari. Kikiwa nyuma ya ekseli, mambo hugeuka: mzigo huutupa mkia nje na matairi hayana mahali pazuri pa kuushikia. Zaidi ya hayo, tela lililoelemea nyuma huunyanyua mkono wake, nao huinyanyua nyuma ya gari, hivyo matairi ya nyuma ya gari hupoteza mshiko wakati yanapohitajika zaidi.

Kwa hiyo tunataka sehemu ya uzito wa tela ikae juu ya mpira wa chuma. Kiasi gani? Marekani ushauri wa kawaida ni asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela na mzigo. Ulaya wanasema 5 hadi 7. Tofauti hiyo imewachanganya wengi wanaosoma maelekezo kutoka pande zote mbili. Magari madogo ya Ulaya yana kikomo kidogo cha uzito wa kukandamiza mpira, mara nyingi kilo 75 au 100, na tela huko lina sheria zake za mwendo: Ujerumani kilomita 80 kwa saa isipokuwa tela lililoidhinishwa kwenda 100, Uingereza maili 50 kwenye barabara ya kawaida na 60 kwenye barabara kuu ambayo pande zake za kwenda na kurudi zimetenganishwa. Uzito mdogo mbele unavumilika pale mwendo unapozuiwa. Kwa barabara zetu, ambako dereva hufuata msafara wa mabasi, mimi ningelenga 10, mradi nisivuke kikomo cha gari na cha chuma chenyewe cha kuvutia. Chuma kilichochomelewa mtaani mara nyingi hakina kibati kinachosema kikomo chochote. Hapo ni afadhali kupunguza mzigo kuliko kubahatisha.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme tela tupu ni kilo 200 na mzigo ni kilo 400, jumla 600. Kutoka ekseli hadi mpira ni mita 3. Tunataka kilo 60 juu ya mpira. Zidisha 60 kwa 3, gawanya kwa 600: kitovu cha uzito kinatakiwa kiwe sentimita 30 mbele ya ekseli. Sentimita 30 tu. Kikirudi hadi juu ya ekseli, mpira haubebi kitu. Kikirudi kidogo zaidi, mkono unanyanyuka. Usalama wote wa tela hili unakaa katika urefu wa rula ya mwanafunzi, na watu hupakia kwa kufuata nafasi iliyobaki.

Kanuni hiyohiyo inakwambia kusogeza kitu kunabadilisha nini. Jenereta la kilo 100 ukilisogeza mbele kwa mita 1, mpira unaongezewa kilo 100 mara 1 gawanya kwa 3, yaani kilo 33. Ndiyo maana kugusa kitu kimoja kizito kunafaa kuliko kupanga upya viti vyote.

Kupima hakuhitaji mtambo. Mizani ya kusimama ya kupimia uzito wa mwili inatosha kwa tela dogo. Simamisha tela mahali tambarare likiwa na mzigo wake, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, kisha simika kipande cha mbao juu ya mizani, kirefu kiasi kwamba kikombe kikikaa juu yake mkono uwe kwenye kimo kilekile kitakachokuwa nao ukifungwa kwenye gari. Soma namba. Anayenyanyua mkono kwa mikono miwili na kusema «hapa sawa» anapima nguvu za mgongo wake.

Namba nzuri, tela baya

Mtu anaweza kufuata yote hayo, akapata kilo 60 zake, na tela bado likamtupa. Hapa pana jambo ambalo maelekezo mafupi huliruka.

Tuchukue vitu viwili vya kilo 50. Ukiviweka kimoja mbele kabisa na kimoja nyuma kabisa, kila kimoja mita 1.5 kutoka kwenye ekseli, vinasawazishana na mizani haioni tofauti na kama vingekaa karibu na ekseli. Lakini ukaidi wa kitu kinachozungushwa, yaani jinsi kinavyogoma kuanza kugeuka na kugoma kusimama, huongezeka kwa mraba wa umbali. Kilo 50 kwenye mita 1.5 zina ukaidi mara tisa ya kilo 50 zilizo kwenye nusu mita. Tela lenye uzito kwenye ncha zake huchelewa kuanza kuyumba, na hilo humfurahisha dereva. Ila likianza, matairi hayawezi kulizuia. Ni ncha ya nyuma hasa inayoua.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, walichapisha majaribio ya tela walilolitengeneza kwa makusudi ili uzito wake, mpangilio wa mzigo na mahali pa ekseli viweze kubadilishwa. Vilivyoathiri utulivu kwenye mwendo wa kasi kwa kiasi kikubwa ni huo ukaidi wa kuzunguka, uzito unaokaa kwenye mpira, na mahali ekseli ilipo. Uzito wa tela kwa jumla, ukibadilishwa peke yake, haukuwa na athari kubwa kiasi hicho. Matokeo hayo yanapingana na kauli ya mtaani kwamba «tela halina mzigo mkubwa, twende tu». Kilo 300 zilizokaa vibaya zinaweza kukutesa kuliko 600 zilizokaa vizuri.

Kwa hiyo kizito hukaa juu ya ekseli na mbele yake kidogo, chini sakafuni, na vyepesi ndivyo hujaza ncha. Saruji anza juu ya ekseli uende mbele. Jenereta la shughuli lifungwe katikati, viti vya plastiki ndivyo viende nyuma. Mabomba marefu ya mahema yasichomoze nyuma. Yapite juu ya mkono wa tela au yapande kwenye keria ya gari. Mbuzi hutembea, kwa hiyo weka ubao wa kuwazuia wasirudi wote nyuma gari linapopanda mlima. Boti ina balaa lake, maana injini imening'inia kwenye tezi, nyuma kabisa ya boti, mbali kabisa na ekseli, na injini ya nguvu ya farasi 40 ina kilo 70 hivi: ifungue uiweke ndani ya pikapu. Tangi la maji lijae au liwe tupu. Lililojaa nusu humimina mamia ya kilo nyuma unapoondoka, mbele unapofunga breki, na pembeni kwenye kona, kwa hiyo ile sentimita 30 yako haipo mahali pamoja hata dakika moja.

Na kuna mtego wa wasambazaji. Tela limepakiwa vizuri, kituo cha kwanza wanashusha mifuko ya mbele kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na mlango wa mteja, na safari inaendelea na mzigo uliobaki ukiwa nyuma ya ekseli. Wanaona tela limekuwa jepesi, wanaongeza mwendo. Baada ya kila kituo mzigo usogezwe tena mbele.

Fundi, tairi na gari lenyewe

Matela mengi madogo hapa kwetu yametoka kwa fundi wa kuchomelea, na mengine ni nusu ya nyuma ya pikapu ya zamani iliyokatwa na kuwekewa mkono. Mengine ni mazuri ajabu. Kabla ya kulipa, pima ekseli iko wapi. Ikiwa katikati ya bodi, mzigo uliosambazwa sawasawa hauachi karibu chochote kwenye mpira zaidi ya uzito wa mkono wenyewe. Kanuni ya kuanzia ni asilimia 60 ya urefu wa bodi iwe mbele ya ekseli na 40 nyuma. Bodi la mita 2.4 linataka ekseli iwe mita 1.44 kutoka mbele. Hata kampuni ya U-Haul ya Marekani, inayokodisha matela kwa watu ambao hawajawahi kuvuta kitu, inawataka wateja waweke asilimia 60 ya mzigo nusu ya mbele na wasizidi maili 55 kwa saa, kama kilomita 88.

Mkono mrefu hutuliza zaidi kuliko mfupi, na hurahisisha kurudi nyuma pia. Fundi anayeufupisha ili kuokoa chuma amekuuzia usumbufu. Ekseli inatakiwa iwe mraba na mkono. Pima kutoka mpira hadi kila gurudumu. Umbali usipolingana, tela linakwenda upande siku zote, na tairi moja litalika kabla ya lenzake. Tikisa magurudumu kwa mkono uone kama beringi zina nafasi. Angalia bushi za springi na yubolti.

Tela likae sawa na ardhi, au mkono uiname kidogo mbele. Pikapu ya juu ikivuta tela la chini, mkono hupanda, kitovu cha uzito hurudi nyuma, na kila kilicho huru ndani huteleza kuelekea nyuma. Chuma cha kuvutia kilichoshushwa ndilo jibu.

Matairi ya tela huzeeka kabla ya kuisha, kwa kuwa tela hukaa juani miezi bila kutembea. Kwenye ubavu kuna tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Upepo ukipungua, ubavu hulegea na tairi hujibu kwa kuchelewa. Matairi ya nyuma ya gari yanahitaji kujazwa vizuri zaidi, maana ndiyo yanayozuia tela lisiliyumbishe gari, na yamebeba zaidi ya unavyodhani. Kilo 75 zikikaa kwenye mpira ulio mita 1 nyuma ya ekseli ya nyuma ya gari lenye mita 2.6 kati ya ekseli zake, ekseli ya nyuma inaongezewa kilo 104 na ya mbele inapunguziwa 29. Usukani unakuwa mwepesi. Hapohapo watu hujaza masanduku kwenye buti.

Gari refu na zito hulishinda fupi na jepesi. Ulaya tela lisilo na breki haliruhusiwi kuzidi kilo 750, wala nusu ya uzito wa gari. Gari la kilo 1,100, kwa kipimo hicho, lina haki ya kuvuta 550, tela lenyewe likiwemo.

Barabarani

Mteremko ndio mahali pabaya kuliko pote. Tela halina breki, kwa hiyo linasukuma. Mwendo unapanda bila dereva kukusudia, na akifunga breki tela hulisukuma gari kwa nyuma, kwenye nyuma ambayo tayari imepoteza utulivu. Anayeshuka Kitonga kutoka Iringa, au Mai Mahiu kuelekea bondeni, aingize gia ndogo kabla ya mteremko kuanza. Basi linapokupita, hewa inayotangulia mbele yake husukuma mkia wa tela kwanza, kisha gari. Achia mafuta kidogo linapokaribia.

Likianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani unyooke kwa mikono miwili, na usubiri. Gari likipungua na kushuka chini ya mwendo wa ukomo, matairi yatalimaliza tatizo yenyewe. Usipigane na usukani. Tela linakwenda na kurudi ndani ya sekunde moja au mbili, na mkono wa binadamu huchelewa. Unakata kushoto wakati mkia umeshaanza kurudi kulia, kama mtu anayesukuma bembea kila inapoanza kushuka. Breki kali nayo huongeza msukumo wa nyuma. Ushauri wa kale wa kukanyaga mafuta «ili kulinyoosha tela» ni wa hatari: unakupeleka mbali zaidi ya ukomo ambao umeshauvuka, na hauna mwisho, kwa sababu baadaye lazima upungue tena. Ni tela lenye breki zake za umeme zinazowashwa kwa mkono peke yake ambalo lina dawa ya haraka, kwani breki hizo hulivuta tela nyuma na kulinyoosha.

Vipo vifaa. Kampuni ya AL-KO ya Ujerumani hutengeneza kikombe chenye pedi zinazoubana mpira wa chuma ili msuguano umeze mtikisiko, na kinahitaji mpira mkavu usio na grisi. Magari mapya kadhaa yana mfumo wa elektroniki unaotambua kuyumba kwa tela na kuminya breki za gurudumu moja moja. Kabla ya kuutegemea kwenye gari lililoagizwa limetumika, soma kitabu chake, kwani kuwa na taa ya kudhibiti kuteleza kwenye dashibodi si uthibitisho kwamba kipengele cha tela kimo. Vifaa hivi hupandisha ukomo kwa kiasi fulani. Ukivifunga kwenye tela lililoelemea nyuma, unachopata ni tela linaloanza kuyumba kwenye mwendo mkubwa zaidi.

Minyororo miwili ipishane chini ya mkono. Haizuii kuyumba, ila kikombe kikichomoka mkono huangukia juu yake badala ya kuchimba lami.

Ukishatulia pembeni ya barabara, usianze na upepo wa matairi. Kwanza fungua turubai uone mzigo umehamia wapi, sogeza kizito kimoja mbele, kaza mikanda. Kisha gusa vikombe vya magurudumu uone kama kuna beringi iliyochemka, hesabu nati, angalia matairi ya tela, halafu ya nyuma ya gari. Ukirudi barabarani, kaa angalau kilomita 15 kwa saa chini ya mwendo uliokuyumbisha mpaka ufike mahali penye mizani.